Kopo la Wembe

Kwa miaka minne nilimnyoa mume wangu chini ya kitovu kwa mkono wangu, naye akaninyoa mimi kwa wake. Kwa wazee wa Ufipa walionilea, ndivyo ndoa ilivyokuwa: wembe wa chumbani una watu wawili tu, na mtu mwenye mwenzi akijinyoa mwenyewe alihesabiwa sawa na mtu anayekula amejifungia mlango. Neno lenyewe ni mavuzi, sitalizungushia. Nimeshazeeka, na kuona haya kumeninyang'anya vya kutosha.

Juzi mtoto wa kaka yangu, mwalimu hapa Chanji, alikuja na kikopo cha krimu alichonunua mjini, anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Anaolewa mwezi ujao. "Shangazi, nimetoka vipele, nawashwa mpaka darasani." Nikamuuliza alifanyaje. Alinyoa asubuhi akanyoa tena jioni, kavu, wembe wa kaka yake, kutoka chini kwenda juu. Nikamtukana kidogo, kisha nikamwelekeza. Alipoona nafuu akaniuliza nilijifunzia wapi mambo hayo. Nikasema kwa shangazi yangu, nikaishia hapo, maana nusu ya pili ya jibu si ya kumpa bibi harusi.

Shangazi yangu mimi, dada wa baba, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko ya kaka zake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili aliponiita nyumbani kwake, wiki moja kabla sijaolewa. Tulikuwa tumeshahamishwa kutoka mashamba yetu ya zamani, tukapangwa kando ya barabara ya Sumbawanga nyumba kwa nyumba, kwa mistari, kijiji cha ujamaa. Ukipiga chafya, jirani anakupa pole yuko kitandani kwake. Shangazi alilia sana siku alipoziacha kuta zake, lakini mafundisho yake aliyabeba yote, hakuangusha hata moja njiani.

Wao zamani, alisema, walitumia majivu. Unayachekecha majivu ya mabua ya ulezi mpaka yawe laini kama unga, unapaka, unashika, unang'oa. Alinijaribia kidogo mkononi na ngozi ikavimba palepale. Akaguna. "Ngozi yako ya kizungu hii. Wewe utatumia wembe."

Basi akanifundisha wembe. Nywele ndefu zipunguzwe kwanza kwa mkasi, kwa sababu wembe ukikutana na msitu hauukati, unaurarua. Kisha kitambaa cha maji ya moto kikae mahali penyewe mpaka ngozi ilegee. Nikamuuliza kikae muda gani, maana saa hatukuwa nayo. "Salamu Maria kumi," akasema, "tena usizikimbize kama watu wa Misa ya pili." Halafu povu. Mkono wa kushoto uvute ngozi, wa kulia uteremke na nywele kule zinakolalia, usipande nazo. Pitisha mara moja tu. Anayerudia mara ya pili na ya tatu ili pawe laini zaidi ndiye anayejipandia vipele, kwa kuwa nywele iliyokatwa chini mno hujikunja, ikakosa mlango wa kutokea, ikarudi ndani ya nyama kama mwiba. Suuza kwa maji ya baridi. Kausha kwa kugusa, usisugue. Tone moja la mafuta ya nyonyo. Na kesho yake usivae ya kubana, usibebe gunia, na ukiwashwa mikono yako iweke kichwani.

"Na mume utamnyoa wewe," akaendelea. "Mwanamume akijinyoa huko haoni anachokifanya. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata."

"Akiwa safarini je?"

"Akiwa safarini atarudi na nywele zake, au atarudi na vipele. Vyote viwili mshukuru Mungu. Lakini akirudi laini, mwanangu, hapo uliza ni mkono wa nani."

Alikuwa anapepeta ulezi. Aliyasema hayo bila kunyanyua kichwa, na maneno hayo ndiyo yaliyokula nyumba yangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa Mbeya, karani katika idara ya samaki, mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mkubwa wake. Alikuwa Mprotestanti. Baba yangu, Mkatoliki wa kupiga magoti hata shambani kengele ikilia, hakumtaka. Tulifunga ndoa bomani, na baba akasema ndoa ya bomani haina tofauti na leseni ya baiskeli. Hakuja. Shangazi ndiye aliyekuja, na kwa hilo nilimheshimu kuliko padri.

Tulipanga chumba kimoja na uwanja mdogo wa nyuma, pembeni mwa mji. Jumamosi ya kwanza nilipopasha maji na kumwambia aingie bafuni, bafu lenyewe la mabua ya mahindi, hakuamini anachokisikia. Kwao, alisema, mambo hayo mtu huyamaliza peke yake. Nikamwambia onyesha basi ulivyoyamaliza. Maskini. Alikuwa na makovu madogo meusi na vipele vya kila umri, vingine vina usaha. Miaka yote alikuwa ananyoa kwa maji ya baridi na haraka ya mtu anayeogopa kufumaniwa.

Nilimfanyia kama nilivyofundishwa. Akasimama ameegemea mlingoti, macho amefumba, na mimi nimepiga magoti nimeshikilia kitambaa cha moto, nasali chinichini kuhesabu muda. Baadaye aliacha kuona haya, akaanza utani. "Hivi Mama wa Yesu anajua unamtumia kupimia nini?" Namwambia nyamaza, umenisahaulisha, naanza upya. Anacheka mpaka nashindwa kumshika vizuri. Mwezi wa pili vipele vilikuwa vimekwisha, na mimi nikajiona mke kuliko wanawake wote wa mkoa ule.

Nilikuwa nikiongea sana nikimnyoa. Namweleza kila kitu ninachokifanya na kwa nini, kama shangazi alivyonieleza mimi. Yeye ananyamaza, anaitikia mhu, mhu. Nilidhani hasikii.

Wembe ulikuwa wa shida miaka ile. Ukija dukani kwenye ushirika mnapanga foleni tangu kungali baridi, ule upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba unaokata masikio, na mkifika mbele mnapewa mmoja kila kaya, siku nyingine hakuna, mnaambiwa rudini na vitenge vyenu. Tuliutunza wembe kama watu wanavyotunza mbegu. Niliunoa ndani ya bilauri, nimeuzamisha kwenye maji kidogo, nausugua kwenye ukuta wake kwa vidole viwili huku na huku mpaka makali yarudi. Kisha naukausha, naupaka mafuta, nauweka kwenye kopo la majani ya chai lenye kifuniko. Kopo hilo halikuguswa kwa kazi nyingine. Hata kucha hatukukatia wembe ule.

Kazi yake ilikuwa inampeleka Kabwe, ziwani, kusimamia samaki wa mradi. Safari ya kwanza ilichukua wiki sita. Kule chini joto linatoka ardhini, mtu anatokwa jasho amekaa. Akajinyoa mwenyewe, kavukavu, akarudi anatembea miguu mbali mbali kama mwenye ngiri. Nilimkanda kwa maji ya chumvi siku nne. Nilimcheka sana, na moyoni nilifurahi, maana nilikumbuka maneno ya shangazi. Safari ya pili hakugusa kitu, akarudi na msitu wake mzima. Nikafurahi pia.

Lazima niseme na hili. Mwaka wa nne ulikuwa unakwisha na hatukuwa na mtoto. Wanawake wa kisimani walikuwa wameacha kuniuliza, na wakiacha kukuuliza ujue wameshajijibu. Nililala nikiwaza kuachwa, niliamka nikiwaza kuachwa. Kila lori lililotoka ziwani nililitazama kama limebeba barua ya kunifukuza.

Safari ya tatu aliporudi ilikuwa Jumamosi mchana. Ameleta samaki wa ziwani, migebuka waliokaushwa, na chupa ya mawese, amekonda kidogo, anatabasamu. Nikaenda moja kwa moja kupasha maji. Akanishika mkono.

"Leo pumzika, mke wangu. Nimejinyoa mwenyewe."

Nikamwambia nione. Tuliingia ndani, nikaona. Hakukuwa na kipele hata kimoja. Hakuna mkwaruzo, hakuna doa, hakuna nywele iliyorudi ndani. Ngozi laini kama ndani ya kiganja, ina mng'ao wa mafuta. Kazi ile ilikuwa nzuri kuliko yangu. Niliangalia kwa jicho la fundi kabla sijaangalia kwa jicho la mke, na fundi ndiye aliyeniambia: huu ni mkono wa mtu aliyetulia, asiye na haraka, anayempenda anayemnyoa.

"Nani?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Kwa macho gani? Kinyozi hajinyoi."

Hakukasirika. Alikuwa bado na lile tabasamu la mtoto aliyeleta daftari lenye alama nzuri. Akanyoosha mkono kwenye mkoba wake, akatoa lile kopo la wembe, alilokuwa ameondoka nalo safari hiyo, akaliweka kitandani. "Fungua uone."

"Kopo halina mdomo," nikamjibu. Nikajitanda kanga, nikatoka. Kutoka kwetu hadi kijijini kwa baba ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na zote mbili nilimwona huyo mwanamke wa ziwani. Nilimpa sura. Nilimpa mikono. Nilimpa hata ujauzito.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: laini kabisa? Nikasema kabisa. Akapiga makofi mara moja, akaenda kumwita baba.

Wakamwita Jumapili baada ya Misa. Akaja amevaa suruali yake ya kazini na shati jeupe, akawasalimia wote shikamoo, wakamwitikia nusunusu. Walikaa baba, mjomba wangu, mwenyekiti wa kijiji kwa sababu siku hizo hakuna jambo lililokaa bila mwenyekiti wa kijiji, na shangazi kwenye mkeka. Mimi nikawa mlangoni. Baba, ambaye alikuwa akiingoja siku hiyo kwa miaka minne, akamuuliza mbele ya watu nani amemnyoa mavuzi.

Nataka ieleweke aliulizwa nini, na nani. Kwao Mbeya mkwe na mkwewe hawatajiani hata shuka. Nilimwona anavyobadilika. Alitazama chini, mikono katikati ya magoti, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, naomba niseme na mke wangu. Peke yetu."

"Uliyoyafanya gizani yaseme hapa penye mwanga," baba akasema.

"Siwezi kuyasema mbele yako, mzee."

"Hawezi," shangazi akadakia. "Atawezaje? Niambieni, nani amewahi kuona kinyozi anajinyoa asijikate? Huyu hana hata mkwaruzo."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kama anayesikia taarifa ya mavuno. Mjomba akacheka kidogo. Mume wangu akaniangalia mimi. Hakuangalia kwa kuomba, aliangalia kama mtu anayemngojea mwenzake amalizie sentensi. Nami nilikuwa na cha kusema: ningeweza kusema tu, twendeni nyumbani. Niliangalia vidole vya miguu yangu.

Akasimama, akasema samahani wazee, akaenda. Jumatatu akapanda lori la kurudi ziwani na sanduku lake. Baba akasema leseni ya baiskeli imeisha muda wake, na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hilo la kucheka huwa linanirudia nikiwa napika, nikiwa nafua, nikiwa kanisani.

Nilirudi chumbani kwetu kuchukua vitu vyangu. Kopo lilikuwa bado kitandani, pale pale. Nikalitia kwenye gunia pamoja na sufuria, na kwa baba nikalirusha darini. Sikulifungua. Kulifungua kungekuwa kumpa nafasi ya kunijibu, na mimi nilitaka abaki hana jibu. Kabla ya mwaka kwisha nikasikia amepata uhamisho, amerudi kwao. Mwaka uliofuata nikasikia ameoa. Shangazi akaniambia, unaona sasa? Nikamwambia naona.

Baba alikufa miaka miwili baadaye, wakati wa kuvuna mahindi. Siku ya kumaliza matanga ilibidi wafiwa wanyolewe vichwa, na kijiji kizima hakikuwa na wembe. Dukani hakuna. Kwa mwenyekiti hakuna. Watu wamekaa uani na vichwa vyao, maji yameshapashwa yanapoa. Shangazi akauliza, "Hakuna mtu mwenye wembe jamani?" Na mimi, bila kufikiri, nikasema, ninao.

Nikapanda darini. Kifuniko kilikuwa na kutu, nikakibandua kwa kisu. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha kioo, kimevunjwa na kingo zake kusuguliwa kwenye jiwe zisikate, kikubwa kama kiganja. Nikakishika kwa muda. Nikakigeuza, nikaona ninavyojiona, kisha nikakiinamisha chini, na nikaelewa mtu anaweza kuona wapi akiwa na kioo cha namna hiyo kati ya miguu yake.

Chini ya kioo kulikuwa na kichupa cha nyonyo, na wembe umefungwa kwenye karatasi ya ofisini iliyoloa mafuta. Nikaifungua. Mwandiko ule mzuri. Mkasi kwanza. Maji ya moto. Shika ngozi kwa kushoto. Teremka nazo, usipande. Mara moja tu, usirudie hata ukitamani. Maji ya baridi. Usisugue. Maneno yangu yote, hata lile la "hata ukitamani", ambalo shangazi hakuwahi kulisema, lilikuwa langu mwenyewe. Mwanamume niliyedhani hasikii alikuwa ameyaweka kichwani Jumamosi baada ya Jumamosi, akayaandika ziwani, ili asirudi kwangu na vidonda nikakesha namkanda.

Na kwenye mstari wa maji ya moto ameandika: Salamu Maria kumi. Lakini yeye sala hiyo hakuwa nayo. Kanisani kwao hawaisali. Kwa hiyo nyuma ya karatasi aliiandika yote, ili aweze kuhesabu. Mimi nikiisali kwa haraka kuna maneno mawili katikati huwa nayameza, tangu utotoni, mama alinigombeza hakufua dafu. Kwenye karatasi maneno hayo mawili hayakuwepo. Aliiandika sala kama inavyotoka kinywani mwangu, na kutoka kinywa kingine hakuwahi kuisikia.

"Wembe upo?" shangazi akaita kutoka uani.

"Upo," nikasema.

Nikashuka nao. Karatasi nikaitia kifuani. Walipofika kwangu shangazi akaninyoa mwenyewe, kwa ile mikono yake mikubwa. Maji yalikuwa yameshapoa, na wembe alikuwa anaupandisha, kutoka kisogoni kuja juu, harakaharaka, vichwa vilikuwa vingi. Nilitoka vipele kichwa kizima, nikawashwa wiki mbili. Sikumwambia kitu, siku ile wala baadaye. Alikufa akiamini aliniokoa, na nilimwacha aamini, si kwa huruma. Nilikosa tu pa kuanzia.

Nikiwa nimeinamisha kichwa mikononi mwake nilianza Salamu Maria, kwa mazoea, kama kipimo cha muda. Nilipofika kwenye yale maneno mawili nikakwama. Sikuweza kuyataja, na sikuweza kuyaruka. Machozi yakanitoka mpaka shangazi akaacha kunyoa, na wanawake wakanisogelea wakanishika mabega, wakaniambia basi mama, baba amepumzika.

Walidhani namlilia baba.